Chumvi, Presha na Sahani ya Mzee: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika miezi miwili iliyopita barua nyingi zilizofika kwenye safu hii zimehusu jambo moja, nalo ni chumvi katika chakula cha watu waliofikisha umri wa miaka 60 na zaidi ambao wana shinikizo la juu la damu. Nimechagua barua tano, nimezifupisha na kuondoa majina, na majibu yangu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Daktari, shikamoo. Mama yangu ana umri wa miaka 73. Presha yake ikipimwa, namba ya juu huwa kati ya 150 na 165, lakini ya chini haizidi 80. Anameza vidonge vyake kila siku bila kukosa. Kliniki walimwambia apunguze chumvi, wala hawakueleza zaidi. Nilianza kumpikia chakula kisicho na chumvi kabisa. Alikula siku mbili, siku ya tatu akaisukuma sahani na kusema amechoka kula chakula cha wagonjwa. Sasa anakula kidogo sana na nguo zimeanza kumpwaya. Nifanye nini? Na kwa nini namba moja iko juu na nyingine iko sawa?

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumwangalia mama. Nitaanza na ile sahani aliyoisukuma, maana kwa mtu wa miaka 73 hilo ndilo la haraka kuliko hata namba za presha. Mzee anayekula kidogo hupoteza misuli, misuli ikipungua miguu hukosa nguvu, na mzee akianguka mifupa yake huvunjika kwa urahisi na kupona ni kwa taabu. Kwa hiyo rudisha chumvi kiasi kwenye chungu leo hii, mama ale ashibe, ndipo tuanze upya kwa utaratibu. Kliniki walimwambia apunguze, hawakumwambia aache. Na kama uzito utaendelea kushuka hata baada ya kuanza kula vizuri, mpeleke achunguzwe, kwa sababu kupungua uzito uzeeni kunaweza kuwa na chanzo kingine kisichohusiana kabisa na chumvi.

Namba ya juu huonyesha nguvu ya damu ndani ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, wakati moyo unasukuma, na ya chini huonyesha nguvu inayobaki wakati moyo umelegea ili ujae tena. Ateri za kijana hutanuka kama mpira moyo unaposukuma, kisha hujirudi taratibu, hivyo ukali wa msukumo hupoa njiani. Miaka inavyokwenda kuta za ateri hukakamaa, na msukumo ule ule unapogonga ukuta usiotanuka, namba ya juu hupanda huku ya chini ikibaki ilipo au hata kushuka. Hii ndiyo sura ya presha inayoonekana zaidi kwa wazee, na nakuomba usiidharau kwa kuwa namba ya chini ni nzuri, maana namba ya juu peke yake inatosha kuleta kiharusi na kuuchosha moyo.

Chumvi inaingia hapo. Takriban asilimia 40 ya uzito wa chumvi ni sodiamu, na sodiamu hushikilia maji katika damu mpaka figo ziitoe kwa njia ya mkojo. Figo za mzee huitoa polepole kuliko za kijana, kwa hiyo mlo mmoja wenye chumvi nyingi humwachia maji ya ziada kwa muda mrefu zaidi, na maji hayo yanapita katika mishipa ambayo haina tena uwezo wa kutanuka ili kuyapokea. Ndiyo maana presha ya wazee hupanda kwa chumvi kuliko presha ya vijana, na ndiyo maana pia, nalo ni jambo la kutia moyo, presha yao hushuka zaidi pale chumvi inapopungua.

Lipo jambo jingine ambalo watoto wengi hawalijui, nalo ni ulimi. Uwezo wa kuonja hupungua kadiri umri unavyosonga, kinywa hukauka, na baadhi ya dawa hubadilisha ladha ya chakula. Mama anaposema mchuzi hauna chumvi, yawezekana anasema kweli kabisa kwa ulimi wake, ingawa wewe unauona umekolea. Kumgombeza hakusaidii. Kinachosaidia ni kuupa ulimi muda, kwa sababu ulimi hujifunza: mtu akipunguziwa chumvi kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa, kwa wengine miezi miwili au mitatu, chakula alichokiona hakina ladha huanza kuonekana cha kawaida, na kile alichokizoea zamani huonekana chumvi tupu. Wewe ulimpeleka mama kutoka chumvi nyingi hadi chumvi sifuri kwa usiku mmoja, na hakuna ulimi unaoweza safari hiyo.

Anza kwa kujua mnatumia kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni jumla ya chumvi yote, ya jikoni, ya mezani na iliyomo tayari ndani ya vyakula vilivyotengenezwa viwandani. Wastani wa dunia unakaribia gramu 11. Ukifungua pakiti mpya ya chumvi, andika tarehe juu yake. Pakiti ya gramu 500 ikiisha kwa siku 10 katika nyumba ya watu wazima wanne, basi kila mmoja ametumia kwa wastani gramu 12 na nusu kwa siku, ilhali kwa gramu 5 kila mmoja pakiti hiyo hiyo ingekaa siku 25. Hesabu hii si kamili, kwani chumvi nyingine humwagwa pamoja na maji ya kuchemshia na wageni nao hula, lakini itakuambia ukweli kuliko kumbukumbu ya mpishi yeyote, mimi nikiwemo.

Kisha acha kutia chumvi kwa mkono. Tumia kijiko kimoja kile kile, kisawazishe kwa kisu, na kiasi unachotia sasa kipunguze kwa robo. Kaa hapo wiki mbili, punguza robo nyingine ya kilichobaki, ukae tena. Onja chakula kinapokaribia kuiva kabla ya kuongeza chochote. Tumia limau, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na majani yenye harufu kwa ukarimu zaidi kuliko ulivyozoea, maana ulimi unaokosa chumvi hutafuta kitu kingine cha kushika, na ukali wa limau hukaribia kazi hiyo kuliko vyote. Mpikie mama chungu kimoja na familia nzima. Chungu cha pekee ndicho kilichomfanya ajione mgonjwa, na chakula kile kile wakikila wajukuu kwa furaha kitakuwa chakula cha nyumbani. Ninyi wengine hamtapungukiwa kitu, kwani hicho ndicho kiwango kinachowafaa ninyi pia.

Utategemea nini? Utafiti mmoja uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2023 uliwapa watu zaidi ya 200 wenye umri kati ya miaka 50 na 75, wakiwemo wanaomeza dawa za presha, wiki moja ya chakula chenye sodiamu nyingi na wiki nyingine ya chakula chenye sodiamu kidogo sana. Katika wiki ya sodiamu kidogo namba ya juu ilikuwa chini kwa takriban milimita 8 za zebaki, yaani namba 8 kwenye mashine ya presha, tofauti inayolingana na ile ya kidonge kimoja cha presha. Si kila mmoja alishuka kwa kiasi hicho, na mama atakayepunguza kwa hatua ataona mabadiliko yake polepole. Vidonge aendelee navyo.

Mimi ni mstaafu wa miaka 68. Kidau cha chumvi nilikiondoa mezani miaka kumi iliyopita na sijakirudisha. Hata hivyo presha yangu wiki iliyopita ilikuwa 148 kwa 86. Mke wangu hapiki kwa chumvi nyingi. Chumvi yangu inatoka wapi? Na siku nikifaulu kuishusha presha kwa chakula, naweza kuacha vidonge?

Mzee mwenzangu, kuondoa kidau ulifanya vyema, lakini kidau kwa kawaida hubeba sehemu ndogo tu ya chumvi ya siku. Iliyobaki huja na chakula kikiwa tayari kimetiwa, na mara nyingi ulimi hauitambui. Mfano mzuri ni mkate. Hakuna anayesema mkate una chumvi, lakini aina nyingi za mkate zina kama gramu 1 ya chumvi katika kila gramu 100, na mtu anayekula vipande vinne au vitano kila siku amekwisha kutumia sehemu kubwa ya posho yake kabla hajagusa mchuzi. Soseji, nyama za kopo, jibini, supu za pakiti na vile vipande vidogo vya kukoleza mchuzi vina chumvi nyingi zaidi. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kinaweza kuwa na zaidi ya gramu 2 za chumvi.

Ukisoma maandishi ya pakiti, angalia kama wameandika chumvi au sodiamu, kwa sababu hizi ni hesabu mbili tofauti. Sodiamu izidishe kwa mbili na nusu upate chumvi. Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa miligramu 800 za sodiamu ina gramu 2 za chumvi. Mimi hutumia kipimo chepesi: chakula chenye zaidi ya gramu 1.5 za chumvi kwa kila gramu 100 nakihesabu kuwa na chumvi nyingi, na chenye gramu 0.3 au pungufu nakihesabu kuwa na kidogo. Maharage ya kopo, kama mnayatumia, mwageni maji yake yote kisha yasuuzeni kwa maji safi. Kitendo hicho kidogo huondoa kama asilimia 40 ya sodiamu.

Sasa nakuomba uangalie mahali ambapo watu wachache huangalia. Magadi ya kuokea, ambayo wapishi wengine huyatia ili maharage yalainike upesi, ni sodiamu pia hata kama hayana ladha ya chumvi, na kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu, wakati kiwango cha siku nzima ni miligramu 2,000. Pia zipo dawa. Vidonge vya maumivu vinavyoyeyushwa katika glasi ya maji na kutoa povu hutengenezwa kwa chumvichumvi za sodiamu, na kidonge kimoja cha namna hiyo kinaweza kuwa na takriban miligramu 400. Mtu anayekunywa viwili mara tatu kwa siku kwa sababu ya magoti amepita kiwango cha siku kwa dawa peke yake, hata angekula chakula kisicho na chembe ya chumvi. Dawa nyingine za kutuliza kiungulia zina hali hiyo hiyo. Tena dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni na diklofenaki, hata zikiwa vidonge vya kawaida, huzifanya figo zishikilie sodiamu na maji, na zinaweza kupandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za presha. Hukutaja maumivu katika barua yako, lakini kwa umri wetu ni nadra mtu kukosa kiungo kinachomsumbua. Kusanya dawa zako zote, hata za kununua bila cheti cha daktari, zitie kwenye mfuko mmoja na umpelekee mfamasia azipitie. Usiache yoyote kabla hajazungumza nawe.

Kuhusu kuacha vidonge, swali lako lina msingi na liliwahi kufanyiwa utafiti kwa uangalifu. Mwaka 1998 zilichapishwa nchini Marekani habari za watu 975 wenye umri kati ya miaka 60 na 80 waliokuwa na presha iliyodhibitiwa kwa dawa. Wengine walifundishwa kupunguza sodiamu, wenye unene walifundishwa kupunguza uzito, wengine yote mawili, kisha baada ya miezi mitatu wote wakajaribu kuachishwa dawa chini ya uangalizi. Waliopunguza sodiamu walifaulu kukaa bila dawa na bila matatizo kuliko wasiopunguza, lakini wako wengi ambao presha ilirudi juu wakarejeshewa dawa. Maana yake kwako ni kwamba kupunguza dawa kunawezekana kwa baadhi ya watu, na uamuzi huo hufanywa na daktari akiwa na namba za wiki nyingi mkononi. Ukiwa na 148 kwa 86, wakati huo haujafika.

Namba hizo zipimwe sawasawa. Kaa kitini dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko sakafuni, miguu haikupishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu ni kitupu, na nusu saa imepita tangu kahawa au sigara ya mwisho. Pima mara mbili kwa kuacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni, siku saba mfululizo, uandike zote bila kuchagua nzuri. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi huhesabiwa kuwa presha ya juu.

Baba yangu ana miaka 66 na alipata kiharusi mwaka jana, akapona vizuri. Anatumia dawa mbili za presha. Nimeona dukani chumvi iliyoandikwa kuwa ina sodiamu kidogo na imeongezwa potasiamu. Rafiki mmoja anasema ni tiba, mwingine anasema inaua figo. Nimnunulie? Au nimnunulie ile ya rangi ya waridi inayosifiwa?

Rafiki zako wote wawili wamesikia kitu cha kweli, kila mmoja nusu yake. Katika chumvi hiyo sehemu ya kloridi ya sodiamu imebadilishwa na kloridi ya potasiamu, na potasiamu hufanya kinyume cha sodiamu, kwani huzisaidia figo kuitoa sodiamu na hulegeza mishipa. Ushahidi wake mkubwa ulitoka China mwaka 2021, katika utafiti uliofanywa kwenye vijiji 600 kwa watu wapatao 21,000, wote wakiwa wamewahi kupata kiharusi au wana umri wa miaka 60 na zaidi wakiwa na presha ya juu. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida, na nusu vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Baada ya karibu miaka mitano, viharusi katika vijiji vilivyobadilisha chumvi vilikuwa pungufu kwa asilimia 14 na vifo pungufu kwa asilimia 12. Watu wale walikuwa kama baba yako. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza kwamba mtu mzima akitumia chumvi ya mezani, basi iwe ya aina hii, na ukawaondoa katika pendekezo hilo wajawazito, watoto, na watu wenye figo dhaifu au hali nyingine inayoweza kuizuia potasiamu isitoke mwilini.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kukusimamisha mlangoni mwa duka. Figo zikiwa dhaifu potasiamu hubaki kwenye damu, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, pengine bila dalili yoyote ya kumwonya mtu mapema. Udhaifu wa figo ni wa kawaida kwa wazee wenye presha, na wengi hawajui kwamba wanao. Tena ziko dawa za presha ambazo zenyewe huzuia potasiamu isitoke. Angalia majina kwenye pakiti za baba: yanayoishia kwa pril, kama enalapril, na yanayoishia kwa sartan, kama losartan, yamo katika kundi hilo, na dawa iitwayo spironolactone imo pia. Kutumia dawa hizo hakumzuii kila mtu kutumia chumvi hii, ila hakuna anayepaswa kuianza kabla ya kupimwa damu kujua hali ya figo na kiwango cha potasiamu, na kupima tena baada ya muda ambao daktari atautaja. Kipimo hicho ni cha kawaida katika maabara. Mwombe daktari wa baba akifanye katika ziara ijayo, mwonyeshe pakiti yenyewe ya chumvi, na mpaka hapo endeleeni kupunguza chumvi mliyo nayo.

Ile ya waridi ni kloridi ya sodiamu kama nyingine, na rangi yake hutokana na madini kidogo mno ambayo hayabadilishi kitu. Chumvi ya bahari ni hivyo hivyo. Mara nyingi chumvi hizo hazijaongezwa madini joto, na kwa hiyo anayezihamia anaweza kupoteza kinga ya tezi ya shingo bila kupata faida yoyote kwenye presha. Chumvi kidogo mtakayotumia iwe yenye madini joto.

Mume wangu ana miaka 79. Tangu alipoambiwa ana presha ameacha chumvi kabisa, ni miezi mitatu sasa, na kliniki walimpa pia dawa ya kukojoza. Wiki hizi akisimama anapepesuka, mara mbili karibu aanguke, na ameanza kusahau mambo ya jana. Majirani wanasema ni uzee. Je, apunguze chumvi zaidi au apumzike vidonge?

Mama huyu nilimjibu siku ile ile barua ilipofika, nikimwomba ampeleke mzee hospitali bila kusubiri toleo hili. Naichapisha kwa ajili ya nyumba nyingine zenye hali kama hii.

Kupepesuka na kuchanganyikiwa kunakoanza ndani ya wiki chache si uzee mpaka daktari athibitishe kwamba hakuna sababu nyingine. Mzee anayemeza dawa ya kukojoza, hasa ya jamii ya thiazidi, anaweza kupungukiwa sodiamu katika damu, na dalili zake ndizo hizi: kizunguzungu, unyonge, kichefuchefu, kusahau, na ikizidi, degedege na kupoteza fahamu. Dawa ndiyo inayoshukiwa kwanza katika hali hiyo, na kula kidogo sana au kunywa maji kupita kiasi huongeza hatari. Presha nayo inaweza kuporomoka mtu anaposimama. Nyumbani mnaweza kuigundua kwa kumpima akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama kwa dakika moja na kwa dakika tatu, huku mtu akiwa amesimama karibu kumshika. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari aambiwe. Msijaribu kulitibu jambo hili kwa kumlisha chumvi kwa vijiko, na msiondoe vidonge kwa kukisia, kwa sababu matibabu hutegemea kipimo cha damu, na sodiamu iliyoshuka ikipandishwa haraka mno nayo huleta madhara kwenye ubongo.

Niongeze onyo moja. Mzee akiharisha au kutapika, yale maji ya dawa ya kurudisha maji mwilini, ambayo yana chumvi ndani yake, anayahitaji. Nimewahi kukutana na familia iliyomnyima mzee maji hayo kwa sababu ya presha. Mpeni, na siku hiyo hiyo ulizeni kliniki kuhusu dawa yake ya kukojoza, maana huenda ikahitaji kusimamishwa kwa muda.

Mimi ni bibi wa miaka 82. Mjukuu wangu amenifungia chumvi kabatini. Presha ni ya uzee, kila mzee anayo, na ulimi ndio starehe niliyobakiwa nayo. Samaki wa chumvi ndiye nimpendaye tangu utotoni. Kwa miaka hii niliyo nayo, mnanitesea nini?

Shikamoo, mama. Kabati lifunguliwe, na mjukuu asome jibu hili pamoja nawe. Mtu mzima mwenye akili timamu haamuliwi chakula chake kwa ufunguo.

Hata hivyo niruhusu nipinge jambo moja. Presha hupanda na umri karibu kila mahali, lakini si kila mahali. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti wa watu zaidi ya 10,000 katika vituo 52 vya nchi 32, na miongoni mwao walikuwemo Wayanomami wa msitu wa Amazon, ambao hawatii chumvi kwenye chakula. Wale wenye umri mkubwa zaidi kati ya waliopimwa walikuwa na presha kama ya vijana wao. Maisha yao yanatofautiana na yetu kwa mengi zaidi ya chumvi, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba chumvi ndiyo sababu pekee, ila hatuwezi kusema tena kwamba presha ni sehemu ya uzee kama mvi.

Kuhusu miaka, chumvi inayopunguzwa leo hushusha presha katika wiki chache hata kwa mtu wa umri wako. Ninachokiogopa kwako ni kiharusi, ambacho humwacha mtu hai lakini humwondolea mkono wa kulia, au usemi, au uwezo wa kumeza, na asiyeweza kumeza amepoteza hata huyo samaki. Kwa hiyo tupange hivi. Chumvi ipunguzwe katika vitu usivyovipenda sana na usivyoviona: mkate, uji, wali, mboga. Hapo hutahisi hasara kubwa. Samaki wako abaki, mara moja kwa wiki. Mloweke usiku kucha katika maji mengi, myabadilishe mara mbili, asubuhi mumwage yote na kumsuuza, mumpike na limau na vitunguu bila kuongeza chembe ya chumvi. Siku hiyo milo mingine iwe ya chumvi kidogo kabisa. Kama moyo wako uliwahi kushindwa kufanya kazi, au miguu huvimba, au figo zina tatizo, muulize daktari wako kwanza hata juu ya huyo mmoja wa wiki. Na asubuhi inayofuata mjukuu akupime presha, aandike namba hizo pembeni ya zile za siku nyingine, mzipeleke kliniki mtakapokwenda.